Simu ya Mahari Iliyokuja bila Kamba

Bunia, mtaa wa Ngezi, Jumanne

Kwa Mzee Étienne,
msemaji wa familia ya bwana harusi,
Boga

Jambo: simu ya mahari kurudishwa kwenu

Mkwe wangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote ambayo baba wa msichana anapaswa kumpa msemaji wa upande wa mvulana. Nakuongezea na nyingine kutoka kwangu mwenyewe, kwa kuwa Jumamosi mlipokuja hapa Ngezi ulikula ugali wetu bila kuulizia kiti chenye mto. Sisi ni wazima. Mvua inanyesha kama kawaida yake. Barabara ya kuja kwenu wanasema ni salama, ingawa wengi wanaosema hivyo husafiri kwa ndege. Nimechagua kalamu kwa sababu mambo ya mahari hayasemwi kwa simu, na kwa sababu mara hii simu yenyewe ndiyo mshtakiwa.

Ng'ombe mlioleta niliwapokea wote. Unajua kwamba nilikuwa mkaguzi wa ng'ombe kwenye machinjio hapa mjini mpaka nilipostaafu. Niliwafungua midomo, nikawapapasa mbavu, nikawatembeza mbele ya watu, nikasema ni wazuri. Sina ubishi nao, na hata sasa ninapoandika wanakula majani yangu bila aibu. Lakini pamoja na ng'ombe tuliomba simu ya baba, kama ilivyo desturi ya siku hizi, ambayo ilianza bila mtu yeyote kuitisha kikao. Tuliandika tu kwamba tunataka simu nzuri. Hilo lilikuwa kosa letu. Naona kama tungeandika ng'ombe mzuri, mngetuletea pundamilia.

Sheria yetu unaijua vizuri kuliko mimi. Mnyama wa mahari akishakamuliwa kwa wakwe, amepokelewa, hata akiwa na jicho moja na mguu wa kukopa. Akiwa hajakamuliwa, anaweza kurudi alikotoka na hakuna atakayekasirika. Kwa hiyo natangaza rasmi kwamba simu hii haijakamuliwa. Tangu kijana wenu Orly aliponikabidhi na kuizima, haijapiga wala haijapigiwa. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha meza, na mke wangu, Mama Elodie, ni shahidi, ingawa ushahidi wake anautoa kwa kununa.

Mpaka jambo hili litengenezwe, ndoa ya binti yangu Elodie na mtoto wenu Ushindi haitatangazwa kanisani. Padri ameshaambiwa asubiri. Najua Elodie anafanya kazi ya uuguzi huko huko kwenu Boga na kwamba watu wa huko watamwonyesha uso wa huzuni. Hata hivyo mkaguzi hakagui kwa huruma, na malalamiko yangu ni haya:

1. Wembamba wake. Orly, kaka yake Ushindi, ndiye aliyeichagua, kwa kuwa anauza simu pale sokoni na mnamwona kuwa profesa wa mambo hayo. Aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika mkate wa sakramenti, akaigeuza upande ili tuone ilivyo nyembamba, na wazee wako wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkwe wangu, wewe na mimi tumezaliwa katikati ya mifugo. Ni lini katika maisha yako ulimwona mtu akimsimamisha mnyama mbele ya wakwe na kuwaambia wamtazame jinsi alivyokonda? Nilimuuliza Orly unono wake umekwenda wapi. Akanijibu kwa uvumilivu, jinsi vijana wanavyowajibu watu wanaowadhania kuwa wamechoka akili: "Papa, hauwezi pata bintu yote. Kama unapenda simu mwembamba, betri nayo itakuwa kidogo. Ni kuchagua tu." Nataka kujua nani alichagua. Mimi sikuulizwa. Mtu fulani, mahali fulani penye umeme mchana na usiku, alikaa kwenye meza yake akaamua kwamba mzee wa Ngezi anahitaji wembamba kuliko moto wa betri. Mnipelekee salamu kwake.

2. Mgongo wake ni wa kioo. Kioo cha mbele nakielewa, mtu lazima aone. Hiki cha nyuma ni cha kumwonyesha nani? Orly anasema kioo kinapendeza na kinaruhusu simu kuchajiwa bila waya, kwa kulazwa juu ya kisahani fulani. Kisahani hakikuletwa. Halafu, baada ya kusifu uzuri wa mgongo huo kwa muda mrefu, akatoa mfukoni kava nene la plastiki jeusi, akaifunika simu yote, akaniambia nisiitoe humo kamwe kwa sababu itavunjika. Yaani walipunguza unene kiwandani ili tuurudishe sokoni, na uzuri wa mgongo tutausikia kwa kusimuliwa. Wanadhani sisi ni wajinga, na kwa kuwa tunanunua, sina jibu la kuwapa.

3. Haifunguki. Simu yangu ya vifungo ikizirai, naitoa betri, naipuliza, naisugua kwenye suruali, nairudisha, inafufuka. Hii imebandikwa kwa gundi. Nilipoomba kuona ndani, Orly alishtuka kama nimeomba kumvua nguo. Katika maisha yangu yote ya ukaguzi, mnyama ambaye mwenye kumuuza hataki afunguliwe mdomo alikuwa na jambo moja tu mdomoni, nalo ni uzee.

4. Tundu la waya za masikioni halipo. Naomba usome taratibu hapa, kwa maana ni jambo la kuumiza. Kila asubuhi nasikiliza redio ya hapa mjini kwa waya masikioni, kwa sababu Mama Elodie hataki habari mbaya ndani ya nyumba kabla ya chai. Kwenye simu yangu, waya huo huo ndio unaokamata mawimbi ya redio. Katika hii hakuna tundu, hakuna waya, hakuna redio. Orly anasema tundu liliondolewa ili maji yasiingie na nafasi ipatikane ya vitu vingine. Nikamuuliza vitu gani hivyo, kwa kuwa betri ni ndogo na tochi yenyewe lazima uitafute kwenye picha ndogo ndogo kama mtu anayetafuta mbuzi kwenye mahindi. Akasema redio nitaisikiliza kwa mtandao. Yaani nile mega zangu za intaneti ili habari ya barabara iliyo mbele ya nyumba yangu izunguke dunia kwanza, ichoke huko, ndipo inifikie.

5. Ina macho manne mgongoni. Manne, Mzee Étienne. Moja la mbali, moja la karibu, moja la kupanua, na la nne Orly mwenyewe hajui, alisema ni la kusaidia. Mbele kuna la tano, la kujitazama. Nimempima mnyama huyu kwa haki yote: betri ya ndama, macho ya buibui. Niambie, nitapiga picha ya nini? Kuta za Ngezi nazijua. Na nyuso za watu wangu nazijua pia, hazijabadilika tangu niwaone. Ninachohitaji kwa mtu wangu aliye mbali ni sauti yake. Wakati wa vita vile vya huku Ituri, hapakuwa na picha wala simu. Kulikuwa na foni ya misheni tu, redio ile ya kuzungumza, sanduku lenye kelele kama mafuta ya mandazi. Tulipanga mstari kuanzia alfajiri. Zamu yako ikifika unaita jina, unasikia "tuko wazima", unatoka, anaingia mwingine. Sauti ilitutosha, na tukaishi.

6. Hili nalisema kwa sauti ya chini. Orly, alipoona sichangamki, akadhani atanitia tamaa. Akasema ndani ya simu mna dhahabu kidogo, kwenye njia zile za umeme. Mtoto huyo alizaliwa Ituri na akayasema maneno hayo mbele ya watu wa Ituri bila kutabasamu. Sasa fikiri pamoja nami. Vijana wetu wanaingia mashimoni, wanatoka na udongo wa dhahabu, udongo unaondoka, unavuka mipaka kwa njia ambazo hakuna anayezijua na kila mtu anazijua, unarudi ukiwa simu iliyopakwa rangi ya bluu, na nyinyi mnaniletea kama mahari. Hakuna ubaya kuniletea mnyama wangu mwenyewe, lakini angalau mngenirudishia akiwa mnene.

7. Haina kamba. Hapa uvumilivu wangu ulikatika. Nilifungua boksi lake, boksi zuri kuliko jeneza la baba yangu, Mungu amrehemu, nikatafuta chaja. Kulikuwa na waya mfupi usio na kichwa, pini ndogo ya kutobolea sijui nini, na karatasi ya maonyo. Chaja yenyewe hakuna. Orly alieleza kwamba wenye kiwanda wameiondoa ili kulinda mazingira. Mimi ninayeishi kando ya msitu nashukuru kusikia kwamba msitu wangu utaokolewa kwa mimi kukaa gizani. Lakini tuache msitu. Wewe ni mtu wa mifugo. Umewahi kumpeleka mnyama wa mahari bila kamba yake shingoni? Hata maskini asiye na kitu husokota kamba mpya, kwa sababu kamba ndiyo inayosema kwamba mnyama huyu ametolewa kwa moyo, hakupotea njia tu akaingia kwa watu. Ng'ombe wote mlioleta walikuwa na kamba, na moja ilikuwa na nakshi nzuri ya bluu. Simu ilikuja uchi. Mama Elodie anasema chaja zinauzwa kila kona ya soko. Nikamwambia kamba pia zinauzwa.

8. Hili ndilo la mwisho na ndilo linalonikosesha usingizi. Orly alikiri kwamba kwa mtu anayeitumia sana, betri haifiki jioni. Jioni, Mzee Étienne, ndiyo saa ambayo Elodie anamaliza kazi na kupanda kile kilima nyuma ya kituo cha afya, mahali pekee ambapo rezo ya simu inakamata kwenu. Wiki iliyopita watu walileta habari za milio ya risasi upande wa Aveba, njia ya kuja kwenu. Wengine wakasema ni wawindaji. Wengine wakasema hakuna kilichotokea, tena hao ndio walionitia hofu zaidi. Kila jioni nilipiga kwa simu yangu ya vifungo, ile nene, yenye betri inayodumu toka siku ya soko hadi siku ya soko. Kila jioni aliniambia, "Niko poa, Papa," na kukata. Ninaogopa, mkwe wangu. Ninalisema wazi ili usitafute maana nyingine. Binti yangu ataolewa huko, atazaa huko, na kati yake na mimi kuna barabara ambayo leo imefunguliwa na kesho hatujui. Katika hali hiyo familia yenu inanipa chombo kinachokufa mchana. Na Ushindi, mwalimu wa shule, mtu mwenye mikono laini kama mgongo wa simu hiyo, anakubali. Kijana asiyejua kuwachagulia wakwe zake simu, atajuaje kumchunga mwanangu mambo yakiharibika?

Baada ya kupima uzuri upande mmoja na kazi upande wa pili, nimeona uzuri unaruka juu na kazi haipo kabisa kwenye mizani. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba haya yafuatayo.

Kwanza, simu irudishwe kiwandani kwa mama yake ikanyonye zaidi, kwa maana inaonekana iliachishwa maziwa mapema. Ikishanenepa tutaitazama tena.

Pili, badala yake iletwe simu ya vifungo, nene, yenye tochi kichwani, redio, na mgongo wa kitu chochote ambacho hakitumiki kutengeneza glasi. Kabla ya kupokelewa itafanyiwa ukaguzi wangu: itaangushwa kutoka juu ya ua wa zizi, italala kwenye mvua, ndama atapita juu yake, kisha itapigiwa. Ikiitika, tutazungumza.

Tatu, kwa usumbufu, mtamba mmoja aongezwe. Aje na kamba.

Nne, Orly aje kuishi zizini kwangu kwa muda wote wa msimu wa mvua, akiwa na simu hiyo peke yake kama taa, bila kava. Akitoka na maoni yale yale aliyoingia nayo, nitaomba radhi kanisani.

Tano, wale waliochora simu hii waandikiwe barua na wazee wa pande zote mbili, waulizwe kama wana wakwe. Nina hakika hawana. Mtu mwenye baba mkwe hawezi kuondoa chaja kwenye boksi.

Yote haya yakitimia, tarehe ya ndoa nitaitoa bila kinyongo. Yasipotimia, ng'ombe wenu watarudi pamoja na kamba zao, na ile yenye nakshi ya bluu itafuliwa kwanza.

Nawasalimu nyumba nzima, mmoja mmoja. Msalimie Mama, mke wako, ambaye shela yake ilisahaulika hapa na imetunzwa. Wasalimie wazee waliotikisa vichwa, uwaambie shingo zao zipumzike. Msalimie Orly, sina chuki naye, nina mashaka tu na shule aliyosoma. Salamu kwa walimu wenzake Ushindi, kwa wauguzi wa kituo cha afya, kwa katekista, na kwa mama wa ng'ombe yule mwekundu, ambaye mwanawe amezoea hapa kwetu na hajalia hata mara moja. Barua hii anakuletea Osée wa pikipiki, pamoja na simu yenyewe ndani ya boksi lake.

Wako katika ukwe na katika ukweli,

Augustin, baba yake Elodie
mkaguzi mstaafu

Nyongeza. Mzee Étienne, Osée amekuja na barua pekee. Usimtuhumu kwamba ameiba boksi.

Nilikuwa nakunja karatasi hizi na Osée ananisubiri mlangoni na mvua ikimlowesha, nikamtuma Mama Elodie alete simu. Akakaa ndani muda mrefu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameweka humo kadi ya simu yake mwenyewe, akaiwasha na kuiunga kwenye mtandao, kuhakikisha tu, anavyosema, kwamba tunarudisha kitu kizima. Ikalia. Akatoka mbio amekishika chombo hicho kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya uso wangu, na ndani yake alikuwamo Elodie.

Hakuwa sauti. Alikuwa yeye, juu ya kilima, na upepo unamvuta kitambaa cha kichwa. Hapo juu kwenye lalamiko la tano nimeandika kwamba wakati wa vita sauti ilitutosha. Si kweli. Ndugu yangu mdogo Gustave alisema "tuko wazima" kwenye foni ile, na mimi nikatoka nikacheka na watu kwenye mstari. Alipofika Bunia kwa miguu ndipo tulipojua kwamba siku anasema hivyo nyumba ilikuwa imeshaungua na mkono wake umevunjika. Tangu hapo, mtu wangu akiniambia yuko poa, silali. Elodie analijua hilo. Wiki nzima ameniambia yuko poa na wiki nzima nimemwona kichwani mwangu amelala mahali pabaya.

Sasa nilimwona amenenepa mashavu. Akasema: "Papa, unaniona? Niko muzima kweli. Angalia mwenyewe." Akaizungusha simu polepole, nikaona paa la kituo cha afya, nikaona barabara, nikaona akina mama wanashuka sokoni na ndizi kichwani bila haraka. Nikaona kitu kingine ambacho hakutaka kunionyesha. Kulikuwa na mvua huko pia, na Ushindi alikuwa amesimama nyuma yake akiwa amemshikia mwavuli. Mwavuli wote ulikuwa juu ya Elodie. Shati la mwalimu lilikuwa limemgandia mabegani, na inaonekana amezoea, kwa maana hakuna kati yao aliyeliona kuwa ni jambo.

Kisha yeye naye akanitazama kwa lile jicho la mbele, akaniuliza: "Papa, juu ya nini umekonda hivi?" Mama Elodie, aliyekuwa amesoma lalamiko la kwanza juu ya bega langu, akaangalia pembeni. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba sasa nitakula, simu ikazimika.

Nimebonyeza kila mahali. Haiamki, na haifunguki ili niipulize.

Kwa hiyo, mkwe wangu, mnyama amekamuliwa, mbele ya mke wangu na mbele ya Osée, ambaye alikuwa ameshaingia ndani bila kukaribishwa. Amepokelewa, pamoja na macho yake yote. Nimemtuma mtu kwa Padri, ndoa itangazwe Jumapili. Mtamba wasahau, na Orly alale kwake.

Lakini lalamiko la saba linabaki palepale. Ongea na Osée huyu huyu, asikae kunywa chai, ageuze pikipiki papo hapo arudi na kamba. Elodie hakumaliza kuniaga.